Pilau ya Krismasi haina ugomvi na Kristo

Desemba ikikaribia, mimbari nyingi za Mombasa, kuanzia Likoni hadi Bamburi, hutoa onyo moja: Krismasi si pilau, si nguo mpya, si safari ya bara, Krismasi ni Yesu. Waumini huitikia amina, kisha wakitoka hupitia Kongowea kununua mchele na viungo. Mhubiri huona hapo unafiki. Mimi naona watu ambao imani yao haijatetewa inavyostahili.

Onyo lenyewe lina mashiko. Wapo wanaokopa ili wale siku moja, Januari ikabisha hodi na karo mkononi. Wapo wanaolewa pombe usiku wa mkesha, asubuhi wakashindwa hata kufika kanisani. Tena kanisa la kale halikukimbilia karamu: Waorthodoksi hufunga siku 40 kabla ya Krismasi, na kwa Wakatoliki na Waanglikana Majilio ni majuma ya kujitayarisha. Wengi wetu tumeacha matayarisho, tukabaki na sherehe. Wale wanaosema tarehe 25 Desemba haimo katika Biblia nao wanasema kweli. Ila Waarmenia huadhimisha tarehe 6 Januari na ni Wakristo vilevile, na Paulo katika Warumi 14 aliliacha suala la siku kwa dhamiri ya kila mtu. Sioni kwa nini tugombane hapo.

Kinachonisumbua ni dhana iliyojificha ndani ya onyo: kwamba ya roho ni matakatifu na ya mwili ni ya kuonewa haya. Krismasi ndiyo sikukuu inayoikana dhana hiyo kuliko zote. Injili ya Yohana inasema Neno alifanyika mwili. Mungu hakutuma wazo. Alizaliwa na Mariamu, akavishwa nguo za kitoto, akalazwa horini, akalia njaa na kunyonyeshwa. Wazazi wake walikuwa safarini, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kutoka Nazareti hadi Bethlehemu, kwa sababu Kaisari Augusto alitaka watu waandikishwe. Kwa hiyo ukiona basi la usiku likiondoka Mombasa limejaa watoto, mabegi na magunia, usifanye haraka kusema hawa wamemsahau Kristo.

Shahidi ninayemrudia kila mwaka ni Fransisko wa Asizi, mtakatifu wa Italia, na hakuna atakayemwita mlafi mtu aliyeacha mali yote ya babake. Ndiye aliyetayarisha hori lenye nyasi, pamoja na ng'ombe na punda, kijijini Greccio mwaka 1223. Thomas wa Celano, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba ndugu wa shirika lake walijadiliana kuhusu Krismasi iliyoangukia Ijumaa, siku ya kujinyima nyama. Fransisko alimkemea ndugu aliyeiita siku hiyo Ijumaa. Alisema angependa hata kuta zipate kula nyama, na kwa kuwa haziwezi, basi zipakwe nyama kwa nje! Mtu wa mifungo mirefu ndiye aliyesema hivyo. Kwake yeye, Mungu akishatwaa mwili, mwili hauna budi kushangilia. Lakini hakuishia hapo: alitaka siku hiyo matajiri wawashibishe maskini, na ng'ombe na punda waongezewe nyasi. Swali lake halikuwa chakula ni kingi kiasi gani, bali nani anakila.

Kwa swali hilo, Mombasa ina jibu ambalo mahubiri hayalitaji. Katika nyumba nyingi za Wakristo hapa, kuku au mbuzi wa Krismasi hachinjwi na mwenye nyumba. Huitwa jirani Mwislamu achinje yeye, ili pilau ikiiva, sahani ifunikwe kawa, mtoto aipeleke mlango wa pili, na huko iliwe bila wasiwasi. Idi ikifika, biriani hurudi kwa njia hiyohiyo. Mama anayepika huenda asiweze kulieleza fumbo la Umwilisho mbele ya paroko, lakini kabla ya kuwasha jiko ameshafikiria dhamiri ya jirani yake na kumwekea nafasi. Huyo haambiwi kwamba sufuria yake inashindana na Yesu.

Deni, hata hivyo, silitetei, na hapo makanisa yana la kufanya zaidi ya kukemea. Katika kalenda ya Wakatoliki na Waanglikana Krismasi haiishi usiku wa tarehe 25. Huendelea angalau hadi Epifania, sikukuu ya mamajusi kumtembelea Yesu, ambayo kwa desturi ni 6 Januari. Mhudumu wa hoteli Nyali, ambaye msimu huo ndio kazi inapomlemea, na baba aliyeshindwa na nauli iliyopanda wiki ya sikukuu, wote wawili wanaweza kula na jamaa zao tarehe 2 na bado ikawa Krismasi kamili. Hilo litangazwe Jumapili ya kwanza ya Majilio, kabla mtu hajaenda kukopa.