Mstari wa Chini wa Risiti Haufuti Haki Yako

Mwezi uliopita shemeji yangu alinunua gari kuukuu lililotoka Japani kwenye yadi moja hapa Mombasa. Siku ya tisa, akipanda mlima wa Mazeras na watoto wamo ndani, gia zikaanza kuteleza: injini inanguruma, gari haliendi. Fundi alichomoa kijiti cha oili ya gia akakipangusa kwa kitambaa cheupe. Oili ilikuwa nyeusi tititi na inanuka kuungua. Kisha akatuonyesha pedali ya breki, raba imelika hadi chuma kinachungulia. Mita inasoma kilomita 62,000. "Hizi kilomita si za pedali hii," akasema, yaani gari limetembea zaidi na mita imerudishwa nyuma.

Tulirudi yadi. Mwenyewe hata hakubishana juu ya gia. Alichukua risiti, akapiga kalamu chini ya mstari wa mwisho: bidhaa zikishauzwa hazirejeshwi. Shemeji akanywea pale pale. Hilo ndilo linaloniuma, maana wengi huishia hapo, wakaenda kukopa pesa za gia boksi nyingine.

Mstari ule hauwezi kufuta sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kuelezwa anachohitaji kujua, na fidia akipata hasara. Nayo Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inamhesabu mfanyabiashara kuwa ametoa dhamana ya ubora hata kama hakutamka neno. Akiandika masharti ya kuiondoa dhamana hiyo, masharti hayo ni batili.

Utaambiwa, "Ulilijaribu mwenyewe." Ni kweli, kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona ni juu yako. Tairi kipara, kioo chenye ufa, hayo usiyapeleke popote. Gari kuukuu ni kuukuu. Lakini gia inayoteleza ikishapata moto haionekani kwa kuzunguka mtaa dakika kumi. Na kilomita zilizorudishwa nyuma ni udanganyifu, si uchakavu.

Kuna karatasi moja ambayo nataka kila mnunuzi aidai kabla ya kutoa hata shilingi ya arbuni: karatasi ya mnada wa Japani, ule ambako gari liliuzwa kabla ya kuletwa huku. Ina alama ya hali ya gari, kilomita, na mchoro wa bodi unaoonyesha kila mkwaruzo. Herufi R hapo maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Tulipoiomba, tukaambiwa ilipotea bandarini. Mimi naona yadi isiyoweza kuitoa isiruhusiwe kutaja kilomita kabisa.

Gia boksi na kazi ya fundi ni shilingi 180,000. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi milioni moja, sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Kwa hiyo tumeandika barua ya madai, tukaambatisha ripoti ya fundi, picha ya pedali na nakala ya risiti, tukatoa siku 14. Karani wa yadi alitia sahihi nakala yetu.

Leo ni siku ya sita. Gari limeegeshwa uani kwa dada, na hatumruhusu mtu kuligusa, ili fundi mwingine akija kulikagua alikute vile vile lilivyoharibika.