Kwa Nini Hatukuishia Mtukula

Vijiweni hapa Dar es Salaam, mazungumzo ya Vita vya Kagera hayakosi swali hili: tulikwisha kumtoa Idi Amin kwetu, Kampala tulifuata nini? Wanaouliza wana hesabu nzito. Vita vinakadiriwa kutugharimu dola milioni 500, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwisha kuvunjika 1977, na 1979 mafuta yakapanda bei. Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18. Ikapita, mikanda haikulegea. Utotoni nilipanga foleni ya sukari Magomeni, na nguo zetu zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Anayesema vita vilitufilisi, simbishii sana.

Ila wengi huuruka mwaka 1972. Septemba ile wapiganaji wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, waliingia Uganda wakitokea kwetu, wakashindwa, na hapo hatuwezi kujitakasa. Oktoba yakafuata makubaliano ya Mogadishu: kila jeshi likae kilomita 10 kutoka mpakani. Miaka sita baadaye askari wa Amin wakavuka, ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera ikatangazwa kuwa ya Uganda, daraja la Kyaka likalipuliwa. Kisha Amin akatangaza kwamba anaondoka. Kila nikifika hapa namfikiria mkulima aliyekimbia na wanawe, migomba imebaki nyuma, ng'ombe wameswagwa. Arudi akalale kando ya mpaka uleule, kwa dhamana ya neno la mtu yuleyule? Kusimama Mtukula, pale mpakani, kungekuwa kumwambia hivyo.

Mwaka 1959 Mwalimu alisema tungewasha mwenge juu ya Kilimanjaro umulike hata nje ya mipaka yetu, na usiku wa uhuru Luteni Alexander Nyirenda akaufikisha kileleni. Tunaupenda wimbo wa maneno yale. Bei yake tuliijua kuanzia 2 Novemba 1978, Mwalimu alipolitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin tunavyo. Baadhi ya walioilipa wamezikwa Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa mkoani Kagera.

Lawama yangu inaanzia baada ya Kampala kuanguka, 11 Aprili 1979. Askari wetu walibaki Uganda hadi 1981, Obote akarudi madarakani kwa uchaguzi wa 1980 uliobishaniwa, na Waganda wakaingia vita vingine. Kumwondoa Amin tulikuwa tumejiandaa. Siku iliyofuata hatukuiandaa.