Sauti Iko Nje

Darasa la Sita walikuwa wamefikia mabadiliko ya mwili wakati wa balehe, mada ambayo walimu wengi huipitia mbiombio huku wakiangalia dari. Madam wa Sayansi akaamua video iseme kwa niaba yake. Mimi, mwalimu wa TEHAMA, nikaitwa kufunga mitambo.

Huku Mabatini, jijini Mwanza, adui wa kwanza ni jua. Projekta yenye mwangaza wa lumeni 3,000 ikikutana na mwanga wa saa nne asubuhi, picha inafifia kama maji ya kuoshea dagaa. Tukatundika vitenge madirishani, projekta ikakaa mezani mita tatu kutoka ukutani. Waya ulikuwa wa VGA, ambao hubeba picha tu, hivyo sauti ikapitishwa kwa waya mwembamba kutoka kwenye kompyuta mpakato hadi spika mbili ndogo. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, nikachagua skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja. Shwari kabisa.

Umeme ukakatika, ukarudi. Kompyuta iliendelea kwa betri. Projekta ndiyo iliyotuweka, maana taa yake ikizimwa ghafla ikiwa ya moto haiwaki tena mpaka ipoe.

Picha ikarudi, sauti hakuna. Madam akapandisha sauti hadi 100. Kimya. Nikachomoa waya wa spika, nikachomeka tena. Daktari wa kwenye video anachezesha midomo tu.

“Madam,” akasema mtoto wa karibu na dirisha, “sauti iko nje.”

Nikafunua kitenge. Ng'ambo ya ukuta, hata mita kumi hazifiki, kuna kibanda cha kinyozi, na sabufa yake ilikuwa inaufafanulia mtaa mzima habari za ndoto nyevu. Bodaboda wamezima injini. Mama wa sato ametua beseni. Na nyumba zetu zilivyopandana juu ya mawe, sauti ya bondeni haimnyimi mtu.

Kompyuta ile Madam aliazima kwa shemeji yake, na shemeji ndiye kinyozi. Jioni huitumia kupiga muziki saluni kwa Bluetooth. Sabufa nyingi zikiwashwa hukitafuta zenyewe kifaa kilichounganishwa mara ya mwisho, hazibishi hodi. Umeme uliporudi, ya kinyozi ikaamka, ikaipata kompyuta, ikanyakua sauti. Kinyozi alidhani ni kipindi cha afya redioni, na alipoona wateja wametulia, akaongeza sauti na yeye.

Kubonyeza alama ya spika pale chini kulia na kuchagua spika nyingine kunasaidia, ila umeme ukichezacheza tena sabufa inarudi kudai chake. Nikaingia kwenye mipangilio ya Bluetooth nikaifuta sabufa hiyo kabisa. Mtaani kukawa kimya, darasani daktari akapata sauti.

Hazikupita dakika tano, mlangoni akasimama mzee mwenye shuka la kinyozi shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mwalimu, mmekatia pabaya. Nina wajukuu wanne nyumbani, wote rika hilo hilo.”

Mwalimu Mkuu akamtafutia dawati la nyuma.