Nauli Nililipa, Gari Nililiona kwa Nyuma

Kosa langu lilikuwa kusoma. Usiku wa kuamkia maonyesho ya magari ya kale nilikesha na simu nikijisomea habari za magari ya farasi ya Uingereza ya karne ya 19, nia yangu moja tu: kumkomesha shemeji. Tangu nitue Leicester alikuwa ananieleza kila kitu, hadi bomba la maji ya moto, kama vile mimi nimeteremshwa jana kutoka juu ya mnazi.

Asubuhi tukaenda: yeye, dada, na mpwa wangu wa miaka tisa. Uwanjani kulikuwa na gari la barua la mtindo wa kale, farasi wanne, magurudumu mekundu, na huko mbele wamejenga kibanda cha ushuru wa barabara chenye geti jeupe. Nauli ya kukaa juu ya paa ilikuwa rahisi kuliko ya ndani.

"Hata zamani juu ilikuwa kama nusu ya nauli," nikamwambia shemeji huku napanda. Yeye na dada wakaingia ndani kwenye mito, na kapu la sambusa wakaondoka nalo.

Juu tulikuwa mimi na mpwa. Kiti ni ubao, na cha kushika ni kichuma chembamba kama mpini wa mwavuli. Nimewahi kuning'inia mlangoni mwa daladala la Mbagala kwa vidole viwili, lakini kule walau kuna watu wa kukubana usidondoke. Nyuma yetu alisimama konda. Najua, aliitwa mlinzi, na enzi hizo alibeba bunduki ya kufukuzia majambazi, lakini kazi ile ni ya konda. Koti jekundu, baragumu refu la shaba, na saa iliyofungiwa ndani ya kikasha asiweze kuichezea.

"Mjomba, anapuliza nini?"

Nikafunguka. Magari ya barua, ambayo safari zake zilianza mwaka 1784 kati ya Bristol na London, hayakulipa ushuru. Konda akipuliza, mtoza ushuru anakurupuka kitandani kwenda kufungua geti. Magari mengine yalilipa, na watu wa Wales walichoka kabisa: kati ya 1839 na 1843 wanaume walivaa magauni usiku wakaenda kuvunja mageti. Mtoto akacheka. Mimi nikavimba kichwa.

Baragumu likalia. Geti halikufunguliwa. Mtoza akatoka na kofia yake ndefu akatangaza kwamba kila abiria atoe sarafu moja.

Mimi mkazi wa Kigamboni. Neno tozo naliamkia na kulilalia. Nikashuka. Nikamsogelea mzee wa watu, nikaweka kidole kwenye ubao wa bei uliotundikwa ukutani pale pale kwake, nikamsomea: ushuru unahesabiwa kwa farasi, na kwa ng'ombe wanaoswagwa. Abiria yuko wapi hapa? Halafu hili ni gari la barua! Watu waliokuwa wamesimama pembeni wakapiga makofi. Mzee akavua kofia, akainama, akafungua geti.

Mimi nami nikainama. Ndipo nikasikia baragumu.

Konda alikuwa ananionyesha ile saa yake. Gari la barua halimngoji mtu. Magurudumu mekundu yakapita puani kwangu, mpwa ananipungia mkono, na dirishani naona koti la shemeji linatikisika kwa kicheko. Geti likafungwa, mimi niko upande wa huku.

Nikaingiza mkono mfukoni. "Hapana," mzee akasema kwa upole. "Mwenda kwa miguu halipi. Pita tu."

Nikakimbia. Nyasi zilikuwa na umande na viatu vyangu vilikuwa vya kwendea harusini. Nililifikia gari chini ya kilima, limesimama, nikasema Mungu mkubwa, wamenionea huruma. Nikaweka mguu kwenye ngazi. Dereva akageuka, akasema jambo, na mlango ukafunguliwa: abiria wote washuke, wapande kilima kwa miguu, farasi wapumue. Ndivyo ilivyokuwa zamani.

Shemeji akateremka taratibu, kapu mkononi, sambusa ya mwisho mdomoni.

"Shemeji," akasema, akilamba vidole, "na hili la kilimani hukulisoma?"

Nilikuwa nimelisoma.