Kesi ambayo Thaddeus Stevens hakupaswa kushinda

Wanaomsifu Thaddeus Stevens, wakili na mbunge wa Pennsylvania, huanzia 1865, utumwa ulipopigwa marufuku Marekani. Mimi humwanzia 1821.

Wakati huo alikuwa wakili kijana mjini Gettysburg. Charity Butler, mwanamke Mweusi aliyefanywa mtumwa Maryland, alikuwa anadai uhuru wake na wa watoto wake. Sheria ya Pennsylvania ilimpa uhuru mtumwa aliyewekwa jimboni humo miezi sita. Charity alikaa humo, ila kwa vipande: analetwa, anarudishwa, analetwa tena. Stevens akasimama upande wa mmiliki, akadai miezi hiyo lazima iwe mfululizo. Mahakama ya Juu ya jimbo ikamkubalia. Mama na wanawe wakarudi utumwani.

Wapo wasemao wakili hana kosa, alikuwa kazini. Sikubali. Wakili wa kujitegemea anaweza kumwambia mteja, "Hii siichukui."

Naamini kesi ile haikumtoka moyoni, maana maisha yake yaliyofuata yalielekea upande wa pili kabisa. Mwaka 1838 alikataa kutia saini katiba mpya ya Pennsylvania kwa kuwa iliwanyima Weusi kura. Mwaka 1851 alikuwa miongoni mwa mawakili wa Castner Hanway, aliyeshtakiwa uhaini kwa kukataa kusaidia kuwakamata watumwa waliotoroka. Jopo la raia likamwachia baada ya kama robo saa tu.

Kubwa kuliko yote kwangu ni hotuba yake ya Lancaster, Septemba 1865. Alitaka mashamba ya matajiri wa majimbo ya Kusini walioasi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe yatwaliwe, na kila mwanamume aliyetoka utumwani apewe ekari 40. Hata wenzake chamani waliogopa kugusa mali ya watu. Mpango ukafa, na maelfu kwa maelfu ya familia huru zikaishia kulima ardhi ya mabwana wale wale kwa kugawana mavuno. Hapo Stevens alikuwa sahihi, na hasara ya kutosikilizwa kwake ilirithiwa na vizazi.

Alifariki Agosti 1868. Alizikwa Lancaster, katika makaburi madogo yasiyobagua rangi, na jiwe lake linasema wazi kwamba aliyachagua kwa sababu hiyo. Kila nikiyasoma maneno yale namkumbuka Charity Butler na watoto wake.