Wahadhiri Wanalala Wapi?

Ukitaka kujua hali ya chuo kikuu cha umma kilichojengwa katika mji mdogo wa mashambani, usianzie maktaba. Subiri Ijumaa jioni uone magari ya wahadhiri yanaelekea wapi. Yakiongozana kurudi jijini, hadi Jumatatu pale kuna majengo tu.

Wenyeji wana malalamiko yao: kodi za vyumba zimepanda, wanachuo wanapiga kelele usiku, na likizo ikifika mwenye steshenari hana wa kumtolea kopi. Ni kweli, ila hayo huzoeleka. Mwalimu asiyeishi hapo ndiye tatizo langu.

Chukua Fort Hare, chuo kilichoanza 1916 huko Alice, jimbo la Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini. Alice ni mji mdogo mpaka leo, lakini walisoma hapo Nelson Mandela, Oliver Tambo aliyeongoza chama cha ANC, Seretse Khama aliyekuja kuwa rais wa Botswana, na hata Charles Njonjo, aliyekuja kuwa mwanasheria mkuu wa Kenya, na Yusuf Lule, aliyekuja kuwa rais wa Uganda. Utaniambia ubaguzi uliwafungia milango ya kwingine, nami sibishi. Lakini walikuta walimu waliokaa. D.D.T. Jabavu alifundisha hapo tangu chuo kinafunguliwa hadi miaka ya 1940. Z.K. Matthews, aliyesoma hapo hapo kisha akarudi kufundisha, aliondoka 1959 serikali ya makaburu ilipokitwaa chuo. Alijiuzulu, akaacha hata pensheni yake. Mtu haachi pensheni kwa ajili ya mahali anapopita tu.

Wamarekani nao, kwa Sheria ya Morrill ya 1862, waligawa ardhi (nyingi yake ya kupora kwa wenyeji asilia, tusisahau) ili majimbo yapate vyuo vya kilimo na ufundi. Mwaka 1914 ikaja sheria nyingine, ya kupeleka elimu ya vyuo hivyo hadi kwa mkulima. Sasa niambie, bwana shamba anayelala mwendo wa saa tatu kutoka shambani atamwona lini mkulima wake?

Siwalaumu wahadhiri. Mtu ana watoto wanaohitaji shule, ana mwenza mwenye kazi yake jijini, na zahanati ya pale haina daktari. Ninaowalaumu ni wanaopanga bajeti. Kitu cha kwanza kujengwa huwa lango, tena lango la kutisha, halafu jengo la utawala. Nyumba za watumishi huja mwisho, kama zinakuja. Ningekuwa na sauti, shule nzuri ya msingi ingetangulia mbele ya lango.

Nasema haya kwa sababu nilisoma chuo cha namna hiyo. Mwalimu wetu wa takwimu alikuwa mmoja wa wachache waliohamia kabisa. Darasani sikumwelewa hata kidogo. Nilimwelewa barazani kwake, jioni, tukiwa wanafunzi wanne na karatasi moja, huku mwanawe akituuliza kila mara kama tumemaliza ili baba amsaidie hesabu zake.