Simu kwanza au seva kwanza?

Kisiwani Pemba, anayeandika programu ya kupimia karafuu Micheweni na anayeandika ya tiketi za boti Mkoani wana swali moja: mtandao ukikatika, karani aendelee na kazi au asubiri? Siku hizi jibu la haraka ni aendelee; data ikae kwenye simu kwanza, seva, yaani kompyuta kuu inayoweka data ya wote, itapata baadaye. Kwa hali ya visiwani jibu hilo lina uzito, ila gharama yake hutajwa kazi ikiwa imeshafika nusu.

Wanaotaka seva iulizwe kila mara wana hoja. Data ipo pahala pamoja, kosa likirekebishwa wote wamelipata, na ukurasa wa HTML wa kilobaiti 30 hufunguka hata kwenye mtandao wa polepole wa 2G. Mara nyingi mtandao hulaumiwa bure: ukurasa umebebeshwa megabaiti tatu za msimbo wa JavaScript kwa fomu yenye visanduku sita. Hiyo ndiyo ya kupunguza kwanza. Lakini mnara ukizimika, au seva ikiwa ofisini na umeme hakuna, wepesi hausaidii. Unguja ilikaa bila umeme wa Bara takriban miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010.

Kwa mizani ya karafuu, simu kwanza inafaa. Kila upimaji ni rekodi mpya; karani mmoja anaiandika, hakuna mwengine anayeigusa. Iandikwe kwenye SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya simu, iingie foleni, itumwe mtandao ukirudi. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa: simu imetuma, seva imehifadhi, jibu likapotea njiani. Simu inatuma tena, na mkulima aliyeleta kilo 40 anaandikiwa 80. Dawa ni simu yenyewe kuipa rekodi namba ya UUID, isiyofanana na ya rekodi nyengine, kabla ya kutuma, na hifadhidata ya seva kukataa namba iliyokwishaingia, huku ikijibu "imepokelewa" badala ya kutoa kosa. Ikitoa kosa, foleni itakwama hapo hapo.

Saa za simu nazo haziaminiki. Ukiamua kwamba rekodi yenye saa ya mwisho ndiyo ishinde, simu iliyotangulia dakika kumi itafuta kazi ya wenzake kimya kimya. Bora seva itoe namba ya mfuatano kila rekodi inapoingia. Na kwenye stoo usitume salio, tuma mwendo: zimeingia 40, zimetoka 15. Makarani wawili wakituma masalio, la mmoja litalifuta la mwenziwe. Mienendo hujumlishwa tu.

Anayetumia kivinjari badala ya programu ya simu aangalie zaidi. Tangu 2020 Safari, kivinjari cha Apple, hufuta data ambayo tovuti imehifadhi kwenye kifaa, mtu akikitumia kivinjari siku saba bila kuigusa tovuti hiyo. Na simu ikitumbukia baharini, kilichokuwa bado kwenye foleni kimekwenda nayo. Kwa hiyo karani aone idadi ya rekodi ambazo hazijatumwa, kwa maandishi makubwa.

Tiketi ni jambo jengine. Kiti kimoja hakiuzwi mara mbili, na hakuna ufundi wa kulandanisha data utakaomshusha abiria wa pili kwa amani. Hapa seva iulizwe. Ikilazimika kuuza bila mtandao, mgao ugawiwe mapema: Wete viti 20, Chake Chake 30, kila kituo kiuze vyake. Hasara yake ni kwamba Wete inaweza kubaki na viti vitupu huku Chake Chake watu wanarudishwa, hivyo mgao urejeshwe kwenye seva saa kadhaa kabla ya boti kuondoka.

Kwa hiyo uamuzi ufanywe kwa kila kitendo. Kuupitisha kwa programu nzima ndiko kunakoleta matengenezo yasiyokwisha. Na programu ikibadilishwa, simu iliyolala kabatini mwezi mzima itarudi na toleo la zamani na rekodi zake. Kwa hiyo safu mpya ya jedwali kwenye seva iruhusiwe kuwa tupu, na njia ya zamani ya kupokea data isifungwe mpaka simu ya mwisho imalize foleni yake.